Familia na msimu wa motokrosi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wake, waume, wazazi na ndugu wa waendeshaji wanaolipwa kukimbia supakrosi na motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia za udongo zenye miruko, nchini Marekani. Mengi yanafaa pia kwa mashindano ya dunia ya MXGP, na pale yanapotofautiana tumesema. Tumetumia nafasi kubwa kwenye majeraha, kwa kuwa hapo ndipo familia nyingi hukutwa hazijajiandaa. Maandalizi hayo hufanywa Oktoba mkiwa mmekaa mezani. Mlangoni mwa chumba cha dharura huwa mmechelewa.

Msimu una urefu gani hasa?

Supakrosi ina raundi 17. Huanza Januari na kuisha Mei, karibu zote Jumamosi, ndani ya viwanja vikubwa vya michezo mijini. Motokrosi ya nje hufuata: raundi 11 kuanzia mwisho wa Mei hadi mwisho wa Agosti, kwenye viwanja vya vilima kama Hangtown kule California, RedBud Michigan na Southwick Massachusetts yenye mchanga. Tangu 2023 kuna raundi tatu za mwisho za SuperMotocross, zinazounganisha supakrosi na motokrosi, mwezi Septemba. Jumla ni 31. Anayeitwa kwenye timu ya taifa kwa Motocross of Nations huongeza wikendi nyingine.

Mwenye pikipiki ya 450 (ukubwa wa injini kwa cc) hukimbia zote. Wa 250 huwekwa kwenye kundi la Mashariki au la Magharibi wakati wa supakrosi, kwa hiyo anapata wikendi kadhaa za kukaa nyumbani kati ya Januari na Mei. Ukitaka kupanga harusi ya ndugu au safari ya kwenda kwa bibi, angalia kwanza yuko upande gani.

MXGP ina raundi kama 20, kuanzia Machi hadi Septemba. Huko mbio huchukua Jumamosi na Jumapili, hivyo kurudi nyumbani ni usiku wa Jumapili au Jumatatu.

Wiki ya kawaida ikoje? Familia inapata siku gani?

Jumapili ni ndege ya kurudi. Jumatatu ni kupasha mwili taratibu, mara nyingi kwa baiskeli saa moja au mbili, kisha kuchuliwa misuli. Jumanne na Alhamisi ni siku za pikipiki, nazo ndizo nzito: wakati wa supakrosi hukimbia mizunguko mingi yenye urefu wa mbio kamili, na wakati wa motokrosi ya nje hurudia vipindi viwili vya dakika 30 au zaidi, kama vilivyo kwenye mashindano. Jumatano ni kuinua vyuma na baiskeli. Ijumaa ni safari na shughuli za waandishi wa habari.

Kwa hiyo siku ya familia ni Jumapili jioni na Jumatatu kuanzia mchana. Msipange mambo mazito Jumanne usiku. Mtu aliyemwaga lita kadhaa za jasho tangu asubuhi hawezi kuzungumzia mkopo wa nyumba vizuri, na hapo si kwamba hakujali. Panga vikao vya fedha, walimu na daktari wa meno Jumatatu alasiri, kila mara siku hiyohiyo, ili isiwe lazima kuomba nafasi upya kila wiki.

Je, tuhamie karibu na uwanja wa mazoezi?

Waendeshaji wengi wamehamia Florida, kusini mwa Georgia au Carolina Kusini, kwa sababu hapo kuna vituo binafsi vya mazoezi na hali ya hewa inaruhusu kuendesha mwaka mzima. California bado ina makao ya timu nyingi na viwanja vya majaribio. Tofauti ya kodi ni kubwa: Florida haina kodi ya mapato ya jimbo, na ya California hufika asilimia 13.3 kwa wenye kipato cha juu kabisa.

Familia nzima kuhama si jambo geni katika mchezo huu. Mwendeshaji Jorge Prado wa Hispania alihamia Ubelgiji na wazazi wake akiwa bado mtoto, kuufuata uwanja wa mchanga wa Lommel. Waendeshaji ndugu Jett na Hunter Lawrence walitoka Australia wakapitia Ulaya kabla ya kufika Marekani.

Ushauri wetu ni kukodi nyumba mwaka wa kwanza, msinunue. Mikataba mingi ya timu huhesabiwa kuanzia Oktoba 1, na mabadiliko ya timu huja pamoja na mabadiliko ya kocha na kituo. Nyumba iliyonunuliwa mwezi Machi karibu na uwanja wa timu ya zamani huuzwa kwa hasara Novemba.

Watoto wanasoma vipi tukiwa safarini?

Familia nyingi husomesha nyumbani, angalau kati ya Januari na Mei. Kila jimbo lina sheria yake. Florida, mzazi hutuma taarifa ya maandishi kwa mkuu wa elimu wa wilaya ndani ya siku 30 tangu kuanza, hutunza kumbukumbu za kazi za mtoto kwa miaka miwili, na kila mwaka mtoto hupimwa. Linaloharibika zaidi ni kumbukumbu. Daftari zinabaki kwenye gari, zinaloa, na mwisho wa mwaka hakuna cha kumwonyesha mtathmini. Piga picha kila kazi Ijumaa na uzihifadhi kwenye intaneti.

Masomo ya asubuhi, saa tatu hadi saa sita, yanakwenda vizuri kwa sababu ndio muda ambao mwendeshaji yuko mazoezini. Usifundishe Jumamosi ya mbio. Mtoto hatashika kitu.

Twende kila mbio?

Hapana. Waliojaribu raundi zote 31 na mtoto wa chini ya miaka mitatu huchoka kabla ya Aprili. Chagueni raundi kumi au kumi na mbili: zile za karibu na nyumbani, za karibu na babu na bibi, na mbili au tatu ambazo mwendeshaji mwenyewe amewaomba.

Supakrosi haina urafiki na usingizi wa watoto. Mchana kuna mazoezi na kufuzu, kisha kusaini picha za mashabiki, na mbio za fainali ni usiku. Motokrosi ya nje ni afadhali, maana huisha alasiri na kuna nyasi za kukimbilia. Shida yake ni umbali. Kutoka Washougal, jimbo la Washington, hadi Unadilla kule New York ni zaidi ya kilomita 4,000 kwa barabara. Wenye gari-nyumba hulipeleka mbele na dereva wa kukodi, wao wakapanda ndege.

Mkilala ndani ya gari-nyumba, fungeni king'ora cha gesi ya kaboni monoksaidi karibu na vitanda na mkijaribu kila safari. Magari huegeshwa yakiwa yamebanana, na jenereta inayowadhuru inaweza kuwa ya jirani, moshi wake ukiingia kwa dirisha lenu.

Masikio ya mtoto mchanga yatahimili?

Bila kinga, hayatahimili. Pikipiki ya 450 ikiwa karibu hupita desibeli 100. Kipimo cha usalama kazini kinachopendekezwa Marekani ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Tumia vikinga masikio vya kufunika sikio lote vyenye mkanda laini wa kichwani. Vile vizibo vidogo vya sponji usimpe mtoto wa chini ya miaka mitatu, maana akiving'oa anavitia mdomoni. Kama mtoto anakataa kuvaa, mkae ndani ya gari la timu pikipiki zinapopashwa moto. Huo ndio wakati wa kelele mbaya kuliko hata za jukwaani.

Mtoto anayetembea avae bangili yenye namba mbili za simu: ya kwako na ya mtu wa timu ambaye hayuko mbioni. Fundi hafai, kwani wakati wa mbio hapokei simu.

Nguo za mbio nifueje?

Tope likikauka kwenye jezi huwa doa la kudumu, hasa udongo mwekundu wa Georgia. Likiwa bichi, lisuuze kwa maji baridi ya mpira, nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje. Loweka dakika 30 kwenye maji baridi yenye sabuni kidogo, kisha fua mashine nyuzijoto 30. Usitie dawa ya kulainisha nguo: huacha utando unaozuia kitambaa kupitisha jasho, na mvaaji anapikika. Usikaushe kwa mashine ya joto, kwa sababu suruali zina mpira na ngozi sehemu za magoti. Fua peke yake, kamwe si pamoja na nguo za mtoto, kwa ajili ya mafuta na petroli.

Buti zikaushwe kivulini na magazeti ndani. Zikiwekwa karibu na hita gundi ya soli huachia. Kitambaa cha ndani ya kofia ngumu kitolewe na kifuliwe kwa mkono. Kofia yenyewe ikishapigwa chini kwa kichwa haifuliwi wala kuhifadhiwa kama akiba. Inatolewa kazini siku hiyohiyo hata kama nje haina ufa, kwa sababu povu la ndani likishabonyea halirudi.

Nipike nini?

Wenye kocha wa lishe wana karatasi yao, uifuate. Nyumbani lililo muhimu zaidi ni maji na chumvi. Pima uzito kabla na baada ya mazoezi: kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho, na inarudishwa kwa lita moja na nusu ya kinywaji chenye chumvi ndani ya saa chache zinazofuata. Julai, Florida, kupungua kilo mbili kwa asubuhi moja ni kawaida. Usiku kabla ya mbio weka wanga wa kutosha, wali au tambi au viazi, na usijaribu chakula kipya chochote.

Mtu anayejituma kiasi hiki huambukizwa kwa urahisi, na virusi vya Epstein-Barr vimewakalisha nje waendeshaji wengi kwa miezi. Mtoto akirudi na mafua, mwendeshaji alale chumba kingine na kila mtu awe na kikombe chake. Haina maana kwamba hampendi mwanawe.

Akianguka nifanye nini?

Usikimbilie uwanjani. Pikipiki bado zinaruka, na walinzi watakuzuia tu. Kubalianeni mapema na timu mambo matatu: nani atakupigia, baada ya dakika ngapi, na mkutane wapi. Kwa kawaida mahali pa kukutana ni kwenye gari la madaktari wanaosafiri na mashindano. Ukiwa nyumbani, zima sauti ya televisheni, weka simu wazi kwa namba ile moja, na usifungue mitandao ya kijamii. Taarifa za dakika za kwanza huko huwa si za kweli.

Bendera nyekundu maana yake mbio zimesimamishwa ili madaktari wafanye kazi. Inatisha, ila mara nyingi hutolewa kwa tahadhari. Watoto waambiwe maneno mafupi na ya kweli: "Baba ameanguka, madaktari wako naye, tunasubiri simu." Usiwaahidi kwamba hajambo kabla hujajua.

Begi la hospitali liwe tayari mwaka mzima: chaja ya waya mrefu, shati la vifungo, kaptura pana, orodha ya dawa na mzio, orodha ya upasuaji uliopita na vyuma vilivyomo mwilini, kadi ya bima, na hati tutakazozitaja chini.

Nitajuaje kama ubongo umetikisika?

Mara nyingi wewe ndiye utakayejua kwanza. Mwendeshaji anaweza kumjibu daktari vizuri, halafu usiku akakaa gizani kwa sababu taa zinamuumiza, akarudia swali lilelile mara tatu, akawafokea watoto bila sababu, au akalala kupita kiasi. Yaandike pamoja na saa, na umpe daktari moja kwa moja.

Rudi hospitali mara moja ukiona kutapika mara kwa mara, kichwa kinachozidi kuuma, mboni moja kubwa kuliko nyingine, degedege, udhaifu wa upande mmoja, au usingizi usioamshika. Saa za mwanzo epuka aspirini na ibuprofeni kwa sababu ya hatari ya kuvuja damu. Uliza kuhusu parasetamoli.

Siku moja au mbili za kwanza ni za utulivu, kisha matembezi mepesi. Kurudi kwenye pikipiki ni kwa hatua, kila hatua angalau saa 24, na dalili zikirudi anashuka hatua moja. Hapa tunasema bila kuuma maneno: kama anaficha dalili ili akimbie Jumamosi, mwambie daktari wa timu. Atakukasirikia. Kipigo cha pili kabla cha kwanza hakijapona kinaweza kuua.

Amefungwa chuma cha mtulinga. Nyumbani tunaishije?

Wiki ya kwanza alale amekaa nusu, kwenye kiti kinacholala au mito mitatu, kwani kulala chali kabisa huvuta jeraha. Kuvaa shati: mkono ulioumia unaingia wa kwanza na unatoka wa mwisho. Barafu dakika 15 hadi 20 juu ya kitambaa. Asimnyanyue mtoto mpaka daktari aruhusu. Mtoto apandishwe kitini pembeni yake ili akumbatiwe bila kubebwa. Hili lielezeni mapema, la sivyo mtoto atadhani amekosea.

Homa, wekundu unaotambaa au usaha ni simu kwa daktari leo, si kesho. Ndama ya mguu ikivimba na kuuma baada ya upasuaji wowote, au akipungukiwa na pumzi, ni dharura: huenda ni damu iliyoganda. Kabla ya kupanda ndege ya kurudi nyumbani, uliza wazi kama ni salama.

Muda wa kupona hutofautiana. Mtulinga uliofungwa chuma huruhusu wengine kurudi ndani ya wiki chache. Mfupa mdogo wa skafoidi kwenye kifundo cha mkono una damu kidogo na huchukua miezi. Kano za goti zikitengenezwa upya, kawaida ni miezi sita hadi tisa. Jett Lawrence, aliyeumia goti Glendale mwanzoni mwa msimu wa 2025, alirudi kukimbia Mei mwaka huohuo, lakini usimpime mtu wako kwa kipimo hicho. Na majeraha hayachagui wakati: mwendeshaji Eli Tomac alikatika kano ya kisigino huko Denver, Mei 2023, akiwa anaongoza msimamo wa pointi zikiwa zimebaki mbio mbili kwa kuhesabu ile.

Bima na hati zipi tuwe nazo?

Someni bima ya afya na mtafute kifungu kinachoondoa michezo ya magari au mbio za kulipwa. Kinaweza kuwemo, na hasa kwenye bima za maisha na za ulemavu. Kama kipo, nunueni nyingine kabla ya Desemba. Baada ya jeraha, bima mpya ya ulemavu inaweza kukitenga kiungo kilichoumia au kupandisha bei.

Hati mbili haziwezi kukosa: inayokutaja kufanya maamuzi ya matibabu asipoweza kusema, na ruhusa ya hospitali kukupa taarifa zake. Mchumba asiye na cheti cha ndoa anaweza kukaa barazani usiku kucha akisubiri mama mkwe apige simu kutoka nchi nyingine. Nakala moja ikae kwenye begi, moja kwenye simu, moja kwa meneja wa timu. Kwa walioumia vibaya sana, mfuko wa Road 2 Recovery husaidia waendeshaji wa kulipwa na familia zao.

Pesa huingia vipi?

Aliye kwenye timu ya kiwanda, yaani ya kampuni inayotengeneza pikipiki, hulipwa mshahara, bonasi za nafasi, na fedha za wadhamini wa nguo na vifaa. Anayejitegemea huishi kwa zawadi za mbio na wadhamini wadogo, na hulipa mwenyewe matairi, mafuta, ada na usafiri. Angalieni kwenye mkataba kama mshahara unapunguzwa akikosa raundi kadhaa kwa jeraha. Wengi hugundua kifungu hicho tayari akiwa na magongo.

Waendeshaji wengi Marekani huhesabiwa kama waliojiajiri. Hakuna anayewakatia kodi, kwa hiyo hulipwa kwa awamu nne: Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Kodi ya kujiajiri pekee ni asilimia 15.3, kabla ya kodi ya mapato, na majimbo mengi hudai sehemu yake kwa zawadi iliyopatikana humo. Tenga theluthi moja ya kila malipo kwenye akaunti nyingine siku ileile inapoingia.

Tunatarajia mtoto katikati ya msimu.

Iambieni timu mapema, na muwe na maandishi kwamba ataruhusiwa kuondoka. Kuanzia wiki ya 37, kila Alhamisi angalieni ndege ya mwisho ya usiku kutoka mji wa mbio. Raundi za pwani iliyo mbali na nyumbani ndizo ngumu. Awepo ndugu mmoja anayeweza kufika kwako ndani ya saa moja. Kuharakisha uchungu ili kufuata ratiba ya mbio ni jambo la daktari wa uzazi peke yake, na timu haina sauti humo.

Dawa za kabatini zina shida gani?

Kubwa. Pseudoefedrini iliyomo katika dawa nyingi za mafua hukatazwa siku za mashindano ikizidi kiwango, vilevile vidonge vya steroidi na dawa za umakini za jamii ya amfetamini. Mwendeshaji James Stewart alifungiwa miezi 16 baada ya kipimo cha 2014 kwa dawa aliyoandikiwa na daktari, kwa kuwa hakuwa na kibali cha matumizi ya tiba. Mwendeshaji awe na kisanduku chake kilichokaguliwa na daktari wa timu, na asichukue kidonge kutoka kwenye mkoba wa mtu, hata wa mama yake. Dawa kali za maumivu baada ya upasuaji zifungiwe mbali na watoto.

Mtoto wetu anataka kuendesha. Aanze lini?

Baiskeli ya kusukuma kwa miguu inatosha hadi aweze kuwa na mizani na kufunga breki bila kuangalia mkono. Kisha ya umeme, halafu pikipiki ya 50 yenye gia ya kujiendesha. Madaraja ya watoto Marekani huanza miaka minne. Miguu yote miwili ifike chini akiwa amekaa. Mkono wa mafuta uwekewe kikomo kwa skrubu, na kamba ya kuzima injini ifungwe kiunoni au kifundoni mwake kila safari. Vipindi vya dakika 10, vitatu kwa siku; akichoka ndipo huanguka. Kosa la wazazi wengi ni kununua pikipiki kubwa "atakayoikulia". Mtoto asiyeweza kuinyanyua haitawali.

Kwa walio Afrika Mashariki, madaraja ya 50, 65 na 85 yapo: Uganda mbio hufanyika Garuga, njia ya Entebbe, na Kenya katika uwanja wa Jamhuri jijini Nairobi. Nenda siku ya mbio kabla ya kununua chochote, tazama watoto wa umri wake wanavyovaa, na uulize wazazi walioko pale nani anauza pikipiki ambayo mwanawe ameshaikua. Kabla ya kulipa, kagua beringi za magurudumu kwa kuyatikisa pembeni, mnyororo na meno yake, na mafuta yanayovuja kwenye vizuia mshtuko vya mbele. Pesa inayobaki inunue kofia mpya. Kofia ya mitumba usiichukue, hata ukipewa bure.